Baiskeli Isiyo na Keria

Newala, baiskeli ni ya maji. Mtu akinunua baiskeli, safari ya kwanza ni kwa fundi kufungiwa keria ya nondo, pana, ya kukaa madumu, na kuanzia hapo baiskeli ile haitaonja starehe mpaka ife. Itateremka bondeni tupu, itapanda imebeba, na mwenyewe ataisukuma huku ametoa ulimi. Kwa hiyo siku Fortunatus Komba alipoonekana barabarani Jumapili mchana, kofia ngumu kichwani, amepanda baiskeli nyembamba ya gia isiyo na keria, isiyo na dumu, isiyo na hata kikapu, watu walisimama kumtazama. Mama mmoja alimuuliza kwa huruma kabisa ameibiwa wapi madumu yake.

Fortunatus alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya, kijana wa Kingoni kutoka Peramiho, mwaka wa thelathini unamgongea mlango. Kazi yake ilikuwa kuangalia damu za watu kwenye hadubini, na mikojo, na makohozi, na vingine ambavyo sitavitaja maana huenda unakula. Maabara ile ilipaswa kuwa na watu wa kutosha. Mmoja akaenda kusoma, mwingine akahamishwa, akabaki Flora, naye Flora ana mtoto mchanga ambaye leo homa, kesho kikohozi. Mzigo wote ukamwangukia Fortunatus. Mchana alichungulia, jioni alichungulia, na akifumba macho kitandani bado aliona lile duara jeupe lenye vidoadoa vya zambarau. Uchovu wa jembe unajulikana, ukilala unaisha. Huu wake ulilala naye, ukaamka naye, na siku nyingine ulitangulia kuamka.

Likizo? Aliwahi kupewa, tena si mara moja. Mara ya kwanza alifika stendi ya Masasi, ameshakaa kwenye kiti cha dirishani, simu ikalia: rudi, watu wanaharisha. Mara ya pili hakufika hata stendi. Alikunja barua ya likizo akaiweka mfukoni, akavaa koti jeupe, akarudi kwenye hadubini yake kama mtu aliyekwenda msalani tu.

Ndipo akanunua baiskeli. Aliinunua kwa Fakihi, mfanyabiashara wa vipuri pale Masasi, ambaye ndiye pia aliyempatia chumba Newala, nyumbani kwa mama yake mzazi. Fakihi alitaka kumfungia keria bure. Fortunatus akakataa. Alisema kila alichonacho kimebeba kitu, na yeye mwenyewe amebeba, basi angalau kitu kimoja katika maisha yake kisibebe. Fakihi alicheka, akadhani ni maneno ya wasomi.

Kila Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli akaenda mpaka Kitangari, akakaa kwenye banda la chai, akatafuna korosho za kukaanga, akarudi. Basi, hiyo ndiyo starehe yake yote. Hakwenda kumwona mtu wala kununua kitu. Njiani hakuna aliyemwita dokta, maana mtaani kwake wote walimwita dokta, na yeye alishachoka kueleza kuwa si daktari. Ukutani juu ya kitanda alikuwa amebandika ramani ya barabara, na mstari wa kusini alikuwa ameupapasa kwa kidole mpaka rangi imefifia: Newala, Masasi, Tunduru, Songea, halafu chini kupitia Mbinga mpaka Mbamba Bay, ziwani. Na hili lilimtia aibu kweli. Mtu kazaliwa Peramiho, na Ziwa Nyasa hajalitia machoni. Shule ya bweni, chuo, kazi, na hivyo ndivyo ujana unavyokwenda. Alijiapia kwamba atafika kwa miguu yake mwenyewe akikanyaga pedali, na akifika ataingia majini na nguo zake zote, akae humo mpaka vidole vinyauke. Maji yasiyo na kufuli.

Maana nyumbani maji yalikuwa na kufuli. Mama Fakihi alikuwa na kisima cha kuvunia mvua, kimejengewa kwa saruji hapo uani, mfuniko wa bati, komeo, kufuli, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa Mmakonde wa hapo hapo, mjane, mtu mzima lakini si kizee, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga la kufyekea mikorosho. Na Wangoni kwa Wamakonde ni watani. Kwa asiyejua: mtani anaweza kukutukana mbele za watu na usinune. Anaweza kuchukua kuku wako na usimshitaki. Na siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani, kuzuia jeneza njiani, kumsema marehemu vibaya, ili wafiwa wacheke kidogo. Watu wa kule wanaamini mfiwa asiyecheka huugua.

Siku ya kwanza Fortunatus alimwamkia kwa adabu zote. Mama Fakihi akasema shikamoo ya Nngoni haipokelewi katika nyumba ile. Ndivyo alivyotamka, Nngoni, kama wanavyotamka watu wa huko. Babu zake, alisema, walikuja juu hapa kuiba watu, na sasa mjukuu kaja kuiba maji. Fortunatus akajibu kwamba babu zake hawakuiba kitu, walifika juu, wakakuta kiu, wakarudi wenyewe. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akafungua kufuli, akamchotea ndoo nzima ya kumkaribisha, na kuanzia siku hiyo akamwita mume wangu.

Baiskeli ndiyo iliyompa la kusema kila siku. Mume gani huyu, baiskeli yake haina hata pa kumkalisha mke? Atanipeleka vipi sokoni, atanipeleka vipi kwa ndugu zangu Kitangari, nining'inie shingoni? Fortunatus alimjibu kwamba mla panya kama yeye atembee kwa miguu, atakutana na chakula njiani. Majirani walikuwa wakikaa barazani jioni kuwasikiliza tu. Na mimi nakwambia, katika mchoko wake wote ule, dakika zile za matusi zilikuwa dawa. Mtu alifika nyumbani amekunja uso, akatukanwa, akatukana, akaenda kulala amecheka.

Lakini mchezo mkubwa wa Mama Fakihi ulikuwa kufa. Alikuwa akifa mara kwa mara. Fortunatus akisukuma geti anamkuta kalala kwenye mkeka uani, mikono kifuani, macho kafumba. "Nakufa, Nngoni. Njoo unirithi." Mara ya kwanza kijana wa watu alitupa baiskeli chini, akakimbia chumbani kuleta kipimo cha presha. Alipokwisha kumfunga kile kitambaa mkononi na kuanza kukijaza upepo, Mama Fakihi akafungua jicho moja akauliza kama Wangoni nao siku hizi wanajua kupima. Ua zima likaangua kicheko. Dadi, muuza maji wa jirani, alicheka mpaka akaangusha dumu. Halafu alipotulia akasema mzaha mzaha, dokta, hutumbua usaha. Hakuna aliyemjali. Tangu hapo Fortunatus akimkuta amekufa alimruka tu, akimwambia afe taratibu asije akamkosesha chai.

Mwezi wa tisa, mikorosho imetoa maua na kisima kimebaki maji ya chini kabisa yenye rangi ya chai, likizo ikatoka. Ilikuwa likizo ya kweli, ya kutosha kufika ziwani na kurudi na basi. Flora alimwambia neno moja tu, azime simu. Akiiwasha, alisema, watamwita, na akiitwa atarudi, kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Fortunatus aliona ni kweli. Siku ya mwisho kazini alisimama tangu asubuhi mpaka jioni ili asimwachie Flora kiporo cha sampuli. Alifika nyumbani, akazima simu, akaipindua baiskeli uani na kuanza kuutia mnyororo mafuta.

Mama Fakihi alitoka ndani, akakaa kwenye kigoda.

"Fotu," alisema. "Kifua kinanibana tangu adhuhuri. Na mkono huu mzito."

Fortunatus hakuinua kichwa. "Umeanza. Nilijua tu, kesho naondoka, leo lazima ufe."

"Safari hii kweli, mwanangu. Nipeleke hospitali."

"Sasa hivi? Mke wangu, kufa pole pole. Asubuhi nitakupakia kwenye baiskeli nikupeleke."

Yule mama aliitazama baiskeli. Alitazama pale nyuma, mahali ambapo keria ingekuwa. Akatabasamu kidogo.

"Haya," alisema. "Asubuhi."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Hakutukana.

Mtu mwingine yeyote angemwambia Fortunatus maneno yale, kifua kubana, mkono mzito, yeye angeacha mnyororo ukining'inia na kuita bodaboda. Hata mlevi wa njiani angemsikiliza. Lakini yule alikuwa mtani wake, ameshakufa mara nyingi, na yeye alikuwa amechoka. Naomba lieleweke hilo la kuchoka. Si kwamba hakuwa na moyo. Alikuwa nao, ila siku ile alikuwa amewagawia watu wote waliopanga foleni kwenye dirisha la maabara, na kilichobaki alikuwa amekiweka kwa ajili ya safari.

Alfajiri aliamka kabla ya adhana. Akafunga begi mgongoni, akavaa kofia, akatoa baiskeli. Chini ya mlango wa Mama Fakihi mwanga ulikuwa unaonekana. Alisikia kikohozi, kisha mguu wa kigoda ukikwaruza sakafu, karibu kabisa na mlango. Akajua anasubiriwa. Akajua akipita tu mlango utafunguliwa, na upuuzi utaanza: nipakie, keria iko wapi, mto wa kukalia uko wapi, nani atanishika kiuno. Jua litapanda hapo hapo. Siku nyingine angefurahi. Siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuchekesha wala kuchekeshwa, alitaka kuondoka tu. Akaiinua baiskeli begani ili matairi yasikwaruze changarawe, akapita mbele ya mlango ule kwa ncha za vidole, akafungua geti taratibu, akalirudishia. Barabarani alishusha pumzi. Akajiambia akifika Masasi atampigia amtukane vizuri.

Safari ilikuwa tamu. Siwezi kuificha, ilikuwa tamu. Baridi ya asubuhi ya kule juu, harufu ya maua ya mikorosho imetanda pande zote mbili, barabara haina mtu isipokuwa wauza maji wanaopanda na madumu yao, nao wakimtazama kwa kumsikitikia. Alipofika mahali ambapo nchi inaanza kuteremka aliachia breki. Upepo ukamjaa kwenye shati. Alihisi uchovu unabaki nyuma kidogo kidogo, kwanza mabegani, halafu mgongoni, halafu nyuma ya macho, pale ulipokuwa umejenga kabisa. Akapiga mluzi. Alipiga mluzi kama alivyokuwa akipiga akichunga ng'ombe wa mjomba wake Peramiho, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliupiga. Akaliona ziwa. Naapa aliliona, jua juu yake, na yeye ndani na nguo zake.

Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri alipofika Chiungutwa. Akaegesha baiskeli kwenye banda la chai, akaagiza chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Vijana wa bodaboda wakaizunguka baiskeli, wakaigusa gia, wakauliza amebeba nini, anauza nini, anakwenda wapi. Aliposema anakwenda Mbamba Bay, anatembea tu, wakatazamana. Mmoja wao, mcheshi, akasema kwa kuwa ana nguvu kiasi hicho, basi ampakie na yeye mpaka Masasi.

"Sina keria," alisema Fortunatus akicheka.

Na kikombe kikasimama njiani kabla hakijafika mdomoni. Sina keria. Yule mama alitazama pale pale, mahali pa keria, akasema haya, asubuhi. Na hakumwita mume wangu. Alimwita mwanangu. Miaka yote waliyokaa nyumba moja hakuwahi kumwita mwanangu, maana mtani si mwanao, mtani ni mtani, na akianza kukuita mwanangu ujue ameuweka utani chini. Kifua tangu adhuhuri. Mkono mzito. Fortunatus hakuwa daktari, lakini hilo hata mfagizi wa wodi anajua maana yake.

Aliwasha simu. Akapiga kwa Mama Fakihi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Dadi, akamwambia aache maji, aache kila kitu, akagonge mlango wa mama. Dadi akauliza kama wameanza michezo yao tena. Fortunatus akamwambia aende. Pale bandani watu walikuwa wanamtazama. Alisikia kwenye simu kandambili za Dadi zikikimbia uani, akasikia mlango ukigongwa, jina likiitwa.

"Haujafungwa," Dadi alisema, "ila kuna kitu kimeuzuia kwa ndani."

Kukawa na mkwaruzo.

"Dokta. Ni yeye mwenyewe. Rudi."

Yule kijana mcheshi wa bodaboda ndiye aliyemrudisha. Fortunatus alikaa nyuma ya pikipiki ameipakata baiskeli yake ubavuni kama mgonjwa, gurudumu moja likizunguka lenyewe kwa upepo. Uchovu wote alioudondosha njiani aliukuta unamsubiri, akaupakia upya, na ulikuwa mzito zaidi.

Ua lilikuwa limeshajaa kanga. Dadi alimpokea getini akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, kichwa kimeegemea mbao. Na kilichomshangaza Dadi ni hiki: alikuwa amevaa. Amevaa gauni la sikukuu, amejitanda kanga mpya doti nzima, viatu miguuni, na mkononi ameshika kadi ya bima. "Mwili ulikuwa bado haujapoa sawasawa," Dadi alisema. "Sijui alikuwa anakwenda wapi alfajiri yote ile."

Fortunatus alikaa chini hapo hapo getini, kwenye changarawe aliyoivuka kwa ncha za vidole. Wanawake walifungua pindo la kanga, wakachukua ufunguo, wakafungua kisima. Ilikuwa mara ya kwanza kisima kile kufunguliwa na mkono mwingine. Wakachota maji ya kumwoshea, nao walichota bila kupima.

Fakihi aliwasili kutoka Masasi kabla ya adhuhuri, macho mekundu lakini makavu, shati limechomekwa upande mmoja. Alimkumbatia Fortunatus kwa muda mrefu. Maziko yalikuwa alasiri. Watu walipoanza kujipanga, Fakihi akamvuta kando akamwambia kwamba mama aliusia zamani kuwa asizikwe kimya kimya kama mtu asiye na watani, na Mngoni pale mtaani ni yeye peke yake. Fortunatus akasema hawezi. Akasema amechoka. Fakihi akasema wote wamechoka, lakini hili halina mbadala.

"Fakihi, nisikilize," Fortunatus alisema. "Jana jioni mama aliniambia—"

"Usiniambie mimi," Fakihi alimkatiza, na alikuwa karibu kulia. "Kawaambie wote, pale njiani. Ndiyo kazi yako, mtani."

Basi jeneza lilipotoka getini, likiwa juu ya mabega ya wanaume, walimkuta Fortunatus amesimama katikati ya njia. Ameiweka baiskeli mbele yake, imekingama, gurudumu huku gurudumu huku. Minong'ono ya furaha ikapita. Mngoni huyo, kaja. Shehe alitazama chini, kama mashehe wa kule wanavyofanya wakati wa mambo yale, asionekane kuruhusu wala kukataza.

"Hapiti mtu," Fortunatus alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wakasogea wamsikie. "Huyu mnampeleka wapi? Huyu nilimwahidi kumpakia mimi. Jana kaniambia kifua kinambana, nimpeleke hospitali. Nikamwambia afe pole pole, mimi nina safari."

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wazee.

"Nikamwambia asubuhi nitampakia kwenye baiskeli. Hii hapa. Itazameni. Haina keria. Na yeye kaiona haina keria, na bado kaamka, kavaa gauni la sikukuu, kavaa viatu, kachukua kadi yake, kakaa nyuma ya mlango kunisubiri."

Sasa walikuwa wanacheka wote. Dadi alikuwa ameinama, anajipiga mapajani. Mabega yaliyobeba jeneza yalikuwa yanatikisika, na jeneza nalo likitikisika juu yao.

"Na mimi nikamsikia. Nikamsikia anakohoa, nikaona taa. Nikabeba baiskeli begani, nikampita kwa ncha za vidole. Hivi." Akainua visigino, akapiga hatua mbili tatu mbele yao, kofia ngumu bado kichwani. "Kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Fakihi alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Tangu asubuhi alikuwa hajaweza kulia, na sasa vyote viwili vilikuja pamoja. Fortunatus alisimama akiwatazama uso kwa uso, mmoja mmoja, akimtafuta hata mmoja ambaye hacheki. Hakumpata. Kisha naye akalia, kwa sauti, mikono imening'inia, kamasi zinamtoka, na mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyu Mngoni ni fundi, ona anavyojua kulia. Mtu akamtia sarafu mkononi, kama desturi inavyotaka, ili aachie njia. Akaiondoa baiskeli. Wakapita.

Alikwenda nao makaburini, akatupa udongo wake, akarudi. Simu ilikuwa wazi lakini kazini hakuna aliyempigia. Safari hii kweli walimwacha apumzike. Likizo ilikuwepo, nzima, na barabara ya Masasi ilikuwa pale pale. Aliegesha baiskeli chumbani chini ya ramani, akalala, na hakupata usingizi.

Siku ya kuondoa tanga walifika ndugu wa Mama Fakihi kutoka Kitangari, wale ambao hawakuwahi maziko. Watu wa makamo, wamechoka na njia, wamejiinamia kwenye mikeka. Pale uani habari ilikuwa imeshaenea, wauza maji walikuwa wanaisimulia mpaka bondeni. Fakihi akaona wageni wake wamepoa mno. Akatazama huku na huku, akamwona Fortunatus kakaa karibu na kisima, akamwita kwa upendo mbele ya wote.

"Mtani, hebu warudie ile ya baiskeli."

Fortunatus aliutazama mlango wa Mama Fakihi. Ulikuwa wazi, na kigoda kilikuwa kimetolewa nje, mtoto wa mtu amekikalia. Akainuka, akaenda chumbani, akatoa baiskeli, akaikingamisha mbele ya wageni. Akawaambia tena yote, kifua, mkono, taa, kikohozi, viatu, hakuacha kitu. Wakacheka sana.